"Naiuza vile iko": deni la mwenye kuuza gari mbovu

Kati ya maneno yote yenye kusemwa mu biashara ya gari za kutumika hapa kwetu Bukavu, kuna moja lenye kuturudia kila mara: "Naiuza vile iko." Mwenye gari anasema hivyo, komisionere anasema hivyo, hata karatasi ya mauzo inaandika hivyo, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili. Ni neno fupi, na mwenye kulitamka anajisikia amekwisha kunawa mikono. Tunataka mu kurasa hizi tuulize kama kweli amenawa. Mtu mwenye gari iliyo na ubaya, je, anapaswa kuitengeneza mbele ya kuiuza? Ao inatosha aseme ubaya ule? Ao anyamaze tu, juu mnunuzi naye ana macho yake?

Msomaji mwingine atashangaa: gari inatafuta nini mu kitabu cha desturi? Tunamjibu ya kama desturi si ngoma na mahari peke yake. Namna watu wanavyouziana kitu, nani anasimama shahidi, nani anabeba hasara kitu kikikufa kesho yake, yote ile ni desturi, na pengine ndiyo yenye kutugusa kila siku kupita ngoma. Tena, mu familia nyingi za mji gari imechukua nafasi ya ng'ombe. Ndani yake ndimo watu wanaweka mali. Pesa ambayo shofere analeta kila jioni ndiyo maziwa. Na siku ya shida, ugonjwa ao minervali ya watoto, ndiyo yenye kuuzwa.

Tuweke mfano. Ni mfano tu, na hesabu zake ni zetu, lakini unafanana na mambo mengi yenye kupita machoni petu. Mama mmoja mjane ameachiwa Toyota Hiace iliyokuwa ikifanya taxi mu mji. Gari ina ubaya wa namna mbili. Wa kwanza uko mu moteri: maji inaingia mu mafuta. Ukifungua kofia ya mafuta unaona povu kama maziwa mu kahawa, na mu mlima mrefu moteri inapata moto. Wa pili uko mu freni: pedali inashuka chini sana, na mafuta ya freni hayakubadilishwa tangu miaka. Fundi anasema: moteri dola 600, freni dola 300. Gari ikitengenezwa itapata dola 4.500. Ikiuzwa vile iko, na ubaya wote ukisemwa, 3.200. Halafu komisionere anamvuta mama pembeni na kumuambia: "Mama, tukisema hii yote watatupatia bei ya piesi tu. Unipe 150, nitaipanga. Tutauza 4.300."

Kuipanga ni nini, kila mtu wa garaji anajua. Mafuta ya zamani inamwagwa, mapya na mazito inaingia, moteri inanyamaza kidogo. Mu radiatere wanatia unga wa kuziba, ao hata ute wa yai. Taa nyekundu ya tablo inakatwa waya. Moteri inaoshwa mpaka inang'aa, kutu inafunikwa na mastiki na rangi, kontere inarudishwa nyuma. Mnunuzi anaitwa asubuhi, moteri ikingali baridi, anapewa safari fupi kwenye avenue Lumumba, kutoka Nguba mpaka Place de l'Indépendance, kisha wanarudi mbio kabla joto halijapanda. Anasikia gari nzuri. Analipa.

Sasa tufanye hesabu. Akitengeneza kweli, mama anabaki na 3.600. Akisema bila kutengeneza, 3.200. Akidanganya, 4.150. Basi uongo unamletea 550 juu ya matengenezo ya kweli, na 950 juu ya kusema tu. Na tusisahau ya kama ile 900 ya garaji mama hana. Kama angekuwa nayo, pengine asingeuza gari. Wenye kumuhubiria "tengeneza kwanza" wanamuambia mutu mwenye njaa apike kwanza. Mu Februari 2025, wakati vita ilifika mjini na benki zikafunga milango, watu wengi walielewa vizuri ni nini kuwa na mali bila kuwa na pesa. Kwa hiyo shauri lenyewe, kwa maskini, liko kati ya 3.200 na 4.150, na ile 950 ya katikati ni mwaka wa masomo ya watoto. Tukitaka kuongea juu ya haki, tuongee mbele ya hesabu hiyo.

Swali hili si la leo. Cicero, mwandishi wa Roma, alilitia mu kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mu mwaka wa 44 kabla ya Kristo. Alichukua mfano wa mtu mwenye kuuza nyumba yenye ubaya ambao yeye peke yake anaujua, kisha akawaweka wenye hekima wawili wabishane. Diogene wa Babiloni anatetea muuzaji: kunyamaza si kuficha, nimesema "nyumba inauzwa", sikusema ni nzuri, hakuna mtu aliyekulazimisha kununua. Antipatre wa Tarso anakataa: kumuacha mtu aingie mu hasara kwa kutokujua ni sawa na kukataa kumuonyesha njia mtu aliyepotea. Cicero mwenyewe alikata upande wa Antipatre.

Tunapenda ule mfano wa njia, juu mu milima yetu kila mtu anauelewa bila kusoma Kilatini. Mgeni akiuliza njia, hata adui yake anamuonyesha. Akikosea na weye ukimuona anakosea, ukanyamaza, kijiji hakitasema "hakumuuliza". Kitasema ulimpoteza. Komisionere wetu, bila kujua, ni mwanafunzi wa Diogene. Lakini hata Diogene hakusema mtu aziibe nyufa za ukuta kwa chokaa usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Kunyamaza ni jambo moja, kupanga ni lingine. Mwenye kupanga anasema uongo bila kufungua kinywa: taa ya tablo iliyokatwa waya inamuambia mnunuzi "moteri ni nzima" kila dakika anayoiangalia.

Kati ya kunyamaza na kupanga kuna hila ya tatu, nayo ni ya watu wenye heshima. Ni kutojua kwa kusudi. Mtu anasikia moteri inagonga, lakini hapeleki gari kwa fundi, juu fundi atamuambia, na akiisha kuambiwa atakuwa anajua. Anauza haraka, na moyo wake ni safi. "Mimi sikujua kitu, muulize shofere." Sheria yetu imeona mbali hapa. Sheria ya mikataba, iliyotoka mu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 na iliyofuata njia ya kitabu cha sheria cha Ufaransa cha 1804, inamfanya muuzaji ajibu kwa ubaya uliofichika, hata kama hakuujua. Anaweza kujiondoa kwa mapatano, lile "vile iko" letu, lakini tu kama kweli hakuujua. Mwenye kujua na kunyamaza hafunikwi na neno lile, na analipa hata hasara zilizofuata. Kwa maneno mengine, karatasi yenye "vile iko" inamlinda asiyehitaji ulinzi sana, na inamuacha uchi yule aliyeitunga kwa hila. Ni kweli, nani ataenda kushitaki juu ya Hiace? Siku za tribunali na mavoka zitakula bei ya gari mara mbili. Lakini tulikuwa tunauliza haki iko wapi, si nani atashinda.

Mapadri waliosoma teolojia watatukumbusha Toma wa Akwino, wa karne ya 13, aliyeuliza swali lile lile juu ya farasi. Ubaya wenye kuonekana, kama farasi wa jicho moja, muuzaji halazimishwi kuupigia kelele, mradi apunguze bei kwa haki. Ubaya uliofichika, wenye kuleta hasara ao hatari, lazima auseme. Na tuangalie vizuri: hasemi lazima amponyeshe farasi. Mwenye kuuza hana deni la kitu kizima. Ana deni la ukweli na la bei yenye kulingana na ukweli ule. Pale tunakubaliana naye kwa upande wa moteri. Mama wetu akimuambia mnunuzi "moteri inakunywa maji, fundi amesema 600", na bei ikashuka, amemaliza. Mnunuzi pengine ni fundi mwenyewe, pengine ana moteri ingine kwake nyumbani, pengine anataka body tu. Kumlazimisha mjane atengeneze kitu ambacho mwingine angetengeneza kwa nusu ya bei, hiyo si haki, ni ujinga wa hesabu.

Lakini wazee wetu walifanya namna gani? Hapa ndugu zetu wengi wanajibu mbio: wazee walikuwa wakweli, sisi tumeharibiwa na pesa. Hatukubali jibu hilo, hata kama linapendeza kusikia mu mikutano. Tuchukue bugabire, ile desturi kubwa ya Bushi. Mtu alimpa mwingine ng'ombe. Mwenye kupewa alimchunga, akanywa maziwa, akatumia mbolea mu shamba. Sehemu ya uzao ilirudi kwa mwenye kutoa, na kati yao wawili ukazaliwa urafiki wenye heshima na msaada wa pande mbili. Sasa, mu masikilizano ya namna ile, nani angetoa ng'ombe mwenye ugonjwa na kunyamaza? Ng'ombe akikufa, uzao wako umekufa. Mtu wako ataonekana kila siku na fimbo bila mnyama, na kila mwenye kupita atauliza juu ya nini. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na jina, mama yake alijulikana, maziwa yake yalijulikana. Ng'ombe alihama kiwanja, lakini hakukata kamba na mwenye kumtoa.

Ile kamba ndiyo iliyoshika ukweli. Wazee hawakuwa na moyo mweupe kupita wetu. Walikuwa karibu. Na mbali na ile kamba, tukubali, mambo yaligeuka. Hadithi zetu zimejaa sungura mwenye kuuzia wanyama wengine vitu visivyo na thamani, na tunacheka, hatulii. Ujanja kwa mtu wa mbali mara nyingi uliitwa akili. Leo tunauita Article 15, na tunacheka vilevile.

Gari imekata kamba hiyo kabisa. Mama wetu hamjui mnunuzi. Komisionere amesimama katikati, naye anapenda wasijuane sana. Jioni ile ile gari inaondoka kwenda Walungu ao Uvira, inapakwa rangi ingine, inabadilishwa karte roze, na hakuna mutu atapita kiwanjani kusema "ile gari yako imemuua mutu". Kwa hiyo wenye kutuambia "turudie desturi" watuambie kwanza kamba mpya itafungwa wapi.

Mtu wa uchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika mu 1970 juu ya soko ya gari za kutumika, na kazi ile ilisaidia apewe tuzo ya Nobel mu 2001. Alionyesha jambo ambalo wanunuzi wa Bukavu wanalijua bila shule: kama mnunuzi hawezi kutofautisha gari nzuri na mbaya, atalipa kila gari bei ya wasiwasi. Basi mwenye gari nzuri anaona bei haimfikii, anairudisha nyumbani, na sokoni zinabaki mbovu. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mu soko ile methali inasimama kichwa chini: kibaya chajiuza, kizuri chalala nyumbani. Na msema kweli ndiye mwenye kulipa ushuru wa waongo. Akitaja ubaya mmoja, mnunuzi anahesabu kumi. "Kama amekubali hii, amenificha ngapi?" Tumesikia watu wazuri wakisema waliacha kusema ukweli juu ya jambo hili tu: ukweli wao haukuaminiwa, ulipunguza bei bila kuleta imani.

Malalamiko hayo ni ya haki. Dawa yake tunaiona mu desturi ya shahidi, ambayo gari haikuiua. Muuzaji asiseme peke yake. Amuambie mnunuzi: leta fundi wako, si wangu, afungue kofia ya mafuta, aende na gari mpaka moteri ipate moto. Macho ya fundi wa upande mwingine yanafanya kazi ya majirani waliokuwa wanamjua ng'ombe na mama yake. Na ule ubaya uandikwe kwenye karatasi ya mauzo, mistari miwili tu: moteri hivi, freni hivi. Mtu aliyeandika ubaya kwa mkono wake, hakuna atakayedhani ameficha mwingine kumi, ao angalau atadhani ameficha miwili.

Tumesema freni mara kadhaa na kupita. Hapa tusimame, juu freni si moteri.

Moteri ikikufa, anayelia ni mwenye kununua. Alikuwa mezani, alisikia, alipunguza bei. Freni zikikatika, wenye kufa ni watu ambao hawakuwa mezani. Fikiria gari ile ikienda Uvira kwa njia ya Ngomo. Kila shofere wa hapa anajua ile njia: milima upande mmoja, bonde upande mwingine, na mteremko mrefu mpaka Kamanyola, mu bonde la Ruzizi. Mu mji pedali mbaya inavumilika, unapompa mara mbili inapanda. Mu mteremko mrefu ni hadithi ingine. Mafuta ya freni yakikaa miaka yanavuta maji ya hewa. Shofere akishikilia freni muda mrefu, vyuma vinapata moto, yale maji yanachemka ndani ya mirija, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyezwa kama puto. Mguu unakwenda mpaka chini na gari haisikii. Ndani kuna abiria labda 18, na mama mwenye mihogo pembeni ya barabara. Mu hao wote, nani aliambiwa "vile iko"? Nani alipunguziwa bei?

Kwa hiyo hatukubali ya kama kusema kunatosha kwa kila ubaya. Toma wa Akwino na sheria ya 1888 wanaongea juu ya wawili, muuzaji na mnunuzi. Gari inabeba watu wengine. Mnunuzi anaweza kusamehe hasara yake mwenyewe. Hawezi kusamehe kwa niaba ya abiria wa kesho. Kwa freni, kwa volani, kwa pine zilizokwisha mpaka waya kuonekana, tunaona njia mbili tu: zitengenezwe kabla ya kutoa ufunguo, ao gari iuzwe kama piesi, ibebwe na gari ingine na isitembee.

Watatuuliza tena: mjane atatoa wapi 300? Na je, mnunuzi si mtu mzima, si atatengeneza mwenyewe kwake? Wengine watatengeneza. Lakini mnunuzi wa gari ya 3.200 mara nyingi ametoa pesa yake yote. Anataka gari ianze kubeba watu kesho asubuhi ili imlipe. Freni atazitengeneza "mwezi ujao". Na kuna yule mwenye kusikia ubaya wote, anakubali bei, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Mama, usiandike mu karatasi, mimi nitaiuza tena kule Uvira." Huyu hakudanganywa. Anamtafuta wa kudanganya, na anamuomba mama amuachie nafasi. Tumebishana sana kati yetu juu ya mtu huyu. Wengine mu chama walisema: mama amesema kweli, kilichobaki ni dhambi ya mwingine. Walio wengi tulisema hapana kwa karatasi: aandike, na mnunuzi akikataa, atafutwe mwingine, hata kama wiki inapita.

Kwa freni tulikubaliana wote. Pesa itoke ndani ya bei. Mnunuzi anapotoa avansi, 300 ya kwanza haifiki mkononi mwa mama wala mwa komisionere. Inakwenda garaji, wote wawili wakiwa pale, na fundi anaonyesha piesi za zamani alizotoa. Gari yenye freni mpya na moteri mbovu iliyosemwa itapata pengine 3.400. Mama atabaki na 3.100 badala ya 3.200. Komisionere atanung'unika, juu asilimia yake imepungua na siku mbili zimepotea.